Kwa nini roboti ya sumo huganda ikianza kusukumana

Swali: Shikamoo mtaalamu. Sisi ni klabu ya roboti ya shule ya sekondari hapa Mwanza. Tumeunda roboti ndogo ya sumo, ile ya kusukuma roboti nyingine nje ya ulingo: Arduino Nano (kikompyuta kidogo kinachoiongoza), draiva ya mota (ubao unaozigawia mota umeme) aina ya L298N, mota nne ndogo za gia za volti 6, na betri mbili za 18650 tulizozitoa kwenye betri ya laptop mbovu. Nano inapata umeme kutoka pini ya 5V ya L298N. Kila kitu kimeungwa kwa nyaya za jampa kwenye bredibodi, ule ubao wa matundu wa kuchomekea nyaya bila kulehemu. Mezani inakimbia vizuri kabisa. Ulingoni, ikikutana na mpinzani na kuanza kusukumana, inaganda, halafu baada ya muda inaamka na kuendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Tumeandika programu upya, tumebadilisha Nano, bado ni yale yale. Mashindano ni mwezi ujao. Tufanyeje, na ubao wa umeme wa roboti kama hii hujengwaje?

Jibu: Marahaba, na hongereni kwa kufika hapo mlipofika. Kabla hamjafungua tena programu, chukueni simu mpime muda ambao roboti inaganda. Nadhani mtapata sekunde tano na ushee.

Kanuni za sumo ya roboti zilianzia Japani na zimeenea kwingine karibu zilivyo: kwa daraja lenu, roboti isizidi sentimita 10 kwa 10 na gramu 500, ulingo uwe na kipenyo cha sentimita 77, na roboti isubiri sekunde tano tangu inapowashwa ndipo isogee. Bila shaka hizo sekunde tano mmeziandika mwanzoni kabisa mwa programu. Sasa Nano ikikosa umeme wa kutosha katikati ya pambano, hata kwa kitambo kidogo mno kuonekana kwa macho, inajizima, inajiwasha, inaanza programu kutoka mstari wa kwanza, inakutana na ile amri ya kusubiri, na inasubiri kwa utii wote huku mwenzake akiiburuta kuelekea mstari mweupe wa ukingo wa ulingo. Kwa hiyo roboti yenu haigandi. Inaanza upya, kisha inatii kanuni.

Hakikisheni hilo kwa njia rahisi. Wekeni taa ndogo ya LED kwenye pini yoyote iliyo wazi, pamoja na rezista ya ohmu 330, na muandike mwanzoni mwa programu kwamba taa hiyo iwake nusu sekunde kisha izime, isiwake tena popote. Msitumie ile taa ya pini 13 iliyo juu ya Nano, maana huwa inamwekamweka yenyewe Nano inapoamka na itawachanganya. Kisha shikeni roboti isisogee, magurudumu yakiwa chini, muiamuru isukume. Taa ikiwaka, mwacheni aliyeandika programu akapumzike. Kesi si yake.

Kuhusu hilo la "mezani inakimbia vizuri", nawauliza maswali mawili. Je, mezani magurudumu yanazunguka hewani? Na je, kebo ya USB inakuwa bado imechomekwa kwenye kompyuta? Mota inayozunguka bila mzigo inakula umeme kidogo sana. Inapobanwa isizunguke ndipo inapokula wote inaoweza. Na kebo ya USB ikiwepo, Nano inalishwa na kompyuta, hivyo hata betri ikizama vipi yenyewe haina habari. Majaribio ya namna hiyo hayawezi kuonyesha ugonjwa huu hata mkiyafanya mwezi mzima.

Tufanye hesabu, kwa sababu ubao mzuri huanzia kwenye hesabu. Chomoeni mota moja, wekeni multimita kwenye ohmu, mpime kati ya ncha zake mbili huku mkiuzungusha mhimili taratibu, na mchukue namba ndogo inayojirudia. Tuseme mmepata ohmu 5. Mota ikibanwa kabisa, inabaki kuwa waya tu uliozungushwa: volti 6 kugawanya kwa ohmu 5 ni ampea 1.2. Mota nne ni ampea 4.8. Namba zenu zinaweza kuwa tofauti, lakini nitashangaa zikiwa tofauti sana.

Hizo ampea karibu tano zinapita wapi? Zinatoka kwenye seli za laptop ambazo zilishachoka, ndiyo maana laptop ilikufa. Zinapita kwenye springi za kishikio cha betri, ambazo ni chuma chembamba. Zinapita kwenye swichi, kisha kwenye waya wa jampa wenye shaba ya takriban milimita ya mraba 0.1, kisha kwenye meno ya bredibodi ambayo hayakutengenezwa kubeba zaidi ya ampea moja hivi. Chukulieni kila seli ina ukinzani wa ndani wa ohmu 0.1, na vile vingine vyote kwa pamoja vina 0.2. Jumla 0.4. Kwa ampea 4 tu, volti 1.6 zinapotelea njiani. Betri iliyokuwa na volti 7.6 inafika kwenye draiva ikiwa na 6.0.

Ile pini ya 5V ya L298N haitoi volti 5 kwa miujiza. Kuna regulata (kifaa cha kushusha volti) ndogo aina ya 78M05 kwenye moduli, na regulata ya aina hiyo inahitaji kulishwa volti 2 hivi zaidi ya inazotoa. Ikipata 6 inatoa 4. Maikrokontrola iliyo kwenye Nano, ATmega328P, kwa mwendo wa megahezi 16 inahitaji kama volti 3.8 ili ifanye kazi kwa uhakika, na Arduino wameiweka ijizime yenyewe ikishuka hadi 2.7. Kwa hiyo 4 ni ukingoni. Jampa moja ikilegea kidogo, au betri ikishuka kidogo baada ya raundi mbili, mmeanguka. Kati ya 3.8 na 2.7 hali ni mbaya zaidi, kwa sababu hapo haijizimi ila inaweza kukosea hesabu, na mtaona roboti inageuka kushoto bila sababu na kumlaumu mwenzenu wa programu kwa mara nyingine.

Msiniamini kwa hesabu tu, pimeni. Hiki ndicho kipimo ninachokipenda kuliko vyote, na mafundi wa magari wanakijua vizuri. Msipime volti za betri peke yake. Wekeni multimita kwenye volti za DC, waya mwekundu wa multimita kwenye chanya ya seli yenyewe, mweusi kwenye teminali ya chanya ya draiva. Roboti ikiwa imetulia mtasoma karibu sifuri. Mwenzenu aishike roboti, iamuruni isukume kwa sekunde mbili, msizidishe hapo maana mota zitaungua. Namba mtakayoiona ndiyo volti zinazopotea kwenye upande wa chanya. Rudieni kwa upande wa hasi: hasi ya seli hadi graundi (yaani hasi) ya draiva. Halafu kateni njia vipande vipande: seli hadi bati la kishikio, bati hadi swichi, swichi hadi jampa. Sehemu inayokula volti 0.4 peke yake itajitambulisha. Mara nyingi huwa ni springi au ile swichi ndogo ya kuteleza, ambayo nyingi hutengenezwa kwa nusu ampea tu au chini ya hapo.

Sasa ujenzi. Nianze na kinachotoka.

L298N itoke. Ni draiva ya zamani, ya transista za aina ambayo hula volti nyingi: kwa jedwali la watengenezaji wake, kwa ampea 1 inapoteza kati ya volti 1.8 na 3.2, na kwa ampea 2 inaweza kufika 4.9. Ndiyo maana ina lile bapa kubwa la alumini mgongoni. Kwa betri ya volti 12 unaweza kuvumilia. Kwa betri ya 7.4 unachoma karibu theluthi ya umeme wako kupasha joto alumini. Na tena imepimwa ampea 2 kwa kila chaneli (njia ya kulishia mota), wakati ninyi mmefunga mota mbili zinazotaka 2.4. Chukueni moduli mbili za TB6612FNG, kila moja ina chaneli mbili, kila mota ipate chaneli yake. Inabeba ampea 1.2 mfululizo na 3.2 kwa muda mfupi, ukinzani wake ni nusu ohmu tu, na ni ndogo kama stempu. Zinauzwa Kariakoo na wauzaji hutuma mikoani kwa basi. Mkumbuke jambo moja: kwa kuwa haipotezi volti, mota za volti 6 zitapata karibu volti 8 betri ikiwa imejaa. Punguzeni PWM (kiasi cha nguvu ambacho mota inapewa) kwenye programu, isizidi kama asilimia 75, ili msizichome mota na msiivuke ile 1.2.

Seli za laptop nazo zitoke kama mna uwezo. Betri ya LiPo ya seli mbili, ya miliampea-saa 800 hivi na yenye alama ya 25C, inatoa hadi ampea 20 kwenye karatasi, na hata ikitoa nusu yake inawatosha mara mbili. Pia ni nyepesi kuliko seli mbili za 18650, ambazo peke yake ni kama gramu 90, na kwenye daraja la gramu 500 hizo ni nyingi. LiPo ina masharti yake: ichajiwe kwa chaja inayosawazisha seli, mtu awepo inapochajiwa, isishuke chini ya volti 3.3 kwa seli, na ikivimba itolewe kwenye matumizi hata kama bado inawasha roboti. Kama hela haipo, tafuteni 18650 zilizotengenezwa kwa ajili ya drili za betri, si za laptop, na kishikio chenye mabati bapa.

Bredibodi itoke kabisa. Ni kifaa cha kujaribia saketi mezani. Kwenye roboti inayogongwa na roboti nyingine yenye kisu cha chuma mbele, haina kazi.

Kinachoingia mahali pake ni verobodi, ule ubao wa rangi ya kahawia wenye mistari ya shaba upande wa chini. Kateni kipande cha kama sentimita 9 kwa 6. Kabla ya kulehemu chochote, chukueni karatasi ya daftari la hesabu mchore kila mstari na kila tundu. Naona vijana wengi wanaona kuchora ni kupoteza muda. Wanaoruka hatua hiyo ndio hukesha wakifuatilia waya mmoja.

Njia ya umeme ichoreni kwanza, kabla ya sensa (vihisi vya kumwona mpinzani na mstari), kabla ya Nano. Kutoka betri: konekta ya XT30, ambayo haiwezi kuingia kinyume hata mwenye usingizi akiilazimisha. Kisha, karibu na betri iwezekanavyo, fyuzi ya gari ya ampea 5 au 7.5, zile ndogo za bapa zinazopatikana duka lolote la vipuri. Fyuzi hiyo haimlindi Nano, asiwadanganye mtu; inalinda nyaya zisiwake moto siku ambayo chanya na hasi zitagusana. Baada ya fyuzi, swichi ya kubonyeza huku na huku ya aina ya KCD1, ile inayoonekana kwenye ekstensheni za umeme, inabeba ampea 6. Baada ya swichi ndipo umeme ugawanyike njia mbili: moja nene kwenda kwenye draiva, nyingine kwenda kwenye Nano na sensa.

Hapo kwenye kugawanyika ndipo penye siri. Njia ya Nano iwe na dayodi ya Schottky, 1N5819 inafaa, halafu kapasita ya mikrofaradi 1000 ya volti 16, halafu moduli ya kubadilisha volti iwe 5. Dayodi inaruhusu umeme kuelekea Nano na kuuzuia usirudi. Mota zinapovuta ghafla na volti ya betri ikazama, zile chaji zilizohifadhiwa kwenye kapasita haziwezi kukimbilia kwenye mota. Zinabaki kwa Nano peke yake. Dayodi yenyewe itakula kama volti 0.3, na hiyo ni bei nafuu.

Lakini jueni mipaka yake. Nano na sensa zake zikila miliampea 100, kapasita ya mikrofaradi 1000 inashuka volti moja kwa milisekunde 10. Hizo zinatosha kuvuka ule mshtuko wa mota kuanza au kugeuza mwelekeo. Hazitoshi kuvuka sekunde tatu za kusukumana kifua kwa kifua. Kwa sekunde tatu hizo dawa ni moja tu, nayo ni kupunguza ukinzani kuanzia kwenye seli hadi kwenye draiva. Kuna ushauri unaozunguka sana kwamba "ongeza kapasita kubwa tu, tatizo litaisha". Mtu anaongeza, mezani kunatulia, ulingoni mambo yanarudi pale pale.

Moduli ya volti 5: iliyo bora ni ile inayoweza kupandisha na pia kushusha, kwa kuwa hiyo hutoa 5 hata betri ikizama chini yake. Ikikosekana, ya kushusha peke yake ya MP1584 ni ndogo na inatosha kwa betri isiyozama sana. Nyingi zina skrubu ndogo ya kurekebisha volti, na hutoka dukani zikiwa zimewekwa popote. Iungeni kwenye betri peke yake, rekebisheni hadi multimita isome 5.0, tieni tone la rangi ya kucha juu ya skrubu ili isijizungushe kwa mtikisiko, ndipo muipeleke kwenye pini ya 5V ya Nano. Pini hiyo haina ulinzi wowote. Ikipata 8, Nano imekufa, na sensa zote zilizo nyuma yake.

Graundi inahitaji uangalifu uleule, na ndiyo inayosahaulika. Hasi ya draiva na hasi ya Nano zisipitie waya mmoja. Ampea nne za mota zikirudi betrini kupitia waya uleule ambao Nano inautumia kama sifuri yake, sifuri hiyo inapanda, na sensa zinazotoa volti za analogi zinaanza kusoma uongo hasa wakati mnazihitaji. Chagueni nukta moja kwenye ubao, pale waya mnene wa hasi wa betri unapoingia, na kutoka hapo kila tawi liwe na njia yake: moja kwa kila draiva, moja kwa moduli ya volti 5. Zote zikutane hapo tu.

Mistari ya shaba ya verobodi ni myembamba kwa ampea hizi. Kwenye mistari inayobeba umeme wa mota, lazeni waya mtupu wa shaba juu ya mstari wote na kuulehemu mwanzo hadi mwisho mpaka risasi ya kulehemia ifunike. Kwa nyaya zinazotoka nje ya ubao, tumieni waya laini wa nyuzi nyingi, milimita ya mraba 0.75 kwa betri na draiva. Ule mwekundu na mweusi wa spika za gari ni mzuri, ili mradi mkiukwangua ndani muone shaba tupu. Msichukue waya wa nyumba wa 1.5 wenye uzi mmoja mgumu. Unabeba umeme vizuri sana, na unakatika pale unapolehemewa baada ya kutikiswa.

Nano isilehemewe moja kwa moja. Lehemuni soketi za matundu, Nano ichomekwe, ili ikifa siku ya mashindano mbadilishe kwa nusu dakika. Hapa kuna jambo la verobodi ambalo huwaponza wengi: mistari ya shaba inapita chini ya Nano kutoka safu moja ya pini hadi nyingine, hivyo kila pini ya kushoto inakuwa imeunganishwa na ya kulia iliyo mkabala nayo. Kila mstari lazima ukatwe katikati. Chukueni ncha ya drili ya milimita 4, ishikeni kwa vidole bila mashine, iwekeni kwenye tundu, na kuizungusha taratibu hadi duara la shaba litoke lote. Halafu inueni ubao uelekee dirishani. Mara nyingi utaona unywele mmoja wa shaba umebaki pembeni ya tundu, mwembamba kuliko uzi wa kushonea, na huo unatosha kuunganisha 5V na pini ya sensa. Pitisheni ncha ya kisu. Kisha multimita kwenye mlio, mpime kila mkato, na kila mistari miwili iliyo jirani, kabla ya kuchomeka Nano kwa mara ya kwanza.

Kwenye teminali za skrubu, nyaya za nyuzi nyingi zisipakwe risasi kwanza. Najua fundi wengi hufanya hivyo kwa sababu inaonekana safi. Risasi ni laini: ukiikaza kwa skrubu inaendelea kubonyea polepole kwa siku kadhaa, skrubu inabaki inaning'inia, na mnapata mguso mbovu ambao siku mlipoufunga ulikuwa mzuri. Vikeni ncha ya waya kijibomba kidogo cha bati na kukiminya kwa koleo, au zisokoteni nyuzi vizuri na kuzikaza hivyohivyo. Sensa ziwekeeni konekta za JST-XH zenye kufunga, na kila waya unaotoka kwenye ubao ushikwe na tone la gundi ya moto sentimita moja kutoka mahali ulipolehemewa, ili ukivutwa ivutike gundi.

Kwenye kila mota, lehemuni kapasita ya kauri yenye namba 104 kati ya ncha zake mbili, pale pale kwenye mota, si kwenye ubao. Nyaya mbili za mota zisokoteni pamoja. Nyaya za sensa zipite upande wa pili wa roboti. Karibu na kila draiva kuwe na kapasita ya mikrofaradi 470 kati ya chanya na hasi ya mota. Pini ya STBY ya TB6612, ile ya kuiwasha na kuizima draiva, iunganisheni na pini moja ya Nano, na pia na graundi kupitia rezista ya kiloohmu 10. Hivyo Nano inapoamka, au ikiwa haipo kabisa kwenye soketi, mota zinabaki kimya. Waamuzi hawapendi roboti inayorukaruka ikiwa mkononi.

Mwandishi wa programu ana kazi moja iliyobaki, na ni ya umeme. Mota inayokimbia mbele kwa nguvu zote ukiiamuru ghafla irudi nyuma, inavuta karibu mara mbili ya umeme wa kubanwa, kwa sababu umeme inaouzalisha yenyewe kwa kuzunguka unaongezeka juu ya ule wa betri. Roboti ya sumo hufanya hivyo kila inapouona mstari mweupe. Aweke mteremko: kutoka nguvu zote hadi sifuri, kisha kwenda kinyume, ndani ya milisekunde 40 hivi. Kwa macho hamtaona tofauti.

Ile amri ya kusubiri sekunde tano msiiondoe wala kuifupisha ili kuficha tatizo. Mwamuzi huhesabu, na roboti inayosogea kabla ya wakati inapoteza raundi bila kugusana na mtu.

Mkishamaliza, kataeni kuamini majaribio ya mezani. Roboti iwe chini, kebo ya USB imetolewa, betri iwe nusu, si imejaa. Isukume ukuta sekunde mbili, ipumzike, isukume tena, mara nyingi, huku mtu akiangalia ile taa ya LED ya kuanza upya. Halafu washeni na muigonge kwa mpini wa bisibisi pande zote, mvute kila waya mmojammoja kwa vidole viwili. Kitakachochomoka kichomoke Mwanza, mbele yenu.

Fedha zikiwa za kununua kitu kimoja tu wiki hii, anzeni na betri na konekta yake, kisha draiva. Verobodi na nyaya ni bei ndogo, subira ndiyo ghali. Na mkifanya kile kipimo cha volti zinazopotea njiani, niandikieni namba tatu: upande wa chanya, upande wa hasi, na volti kwenye pini ya 5V wakati roboti imebanwa. Upande wa hasi ukizidi volti 0.3, msinisubiri, fungueni kishikio cha betri mwangalie bati la hasi, maana kwenye vishikio vya bei rahisi waya huwa umeminywa tu kwenye bati bila kulehemewa.